Upasuaji wa Kuongeza Matiti: Mwongozo Kamili wa Kuamua, Kujiandaa na Kupona

Tarehe 27 Oktoba 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliamuru kwamba kila kipandikizi cha matiti, yaani kifuko kinachoingizwa kifuani ili kukuza titi, kinachouzwa nchini humo kiambatane na onyo lililozungushiwa mstari mweusi, ambalo ndilo onyo kali kuliko yote inayotoa. Jambo la kwanza katika onyo hilo si saratani wala maumivu. Linaanza kwa kusema kwamba vipandikizi vya matiti havihesabiwi kuwa vifaa vya kudumu maisha yote, na kwamba kadiri muda unavyopita ndivyo uwezekano wa kupata matatizo unavyoongezeka, mengine yakihitaji upasuaji mwingine.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo. Mwanamke anayeongeza matiti akiwa na miaka 28 haamui upasuaji mmoja, kwa kuwa huenda akafanyiwa miwili au mitatu kabla hajazeeka, na wa kwanza mara nyingi ndio ulio rahisi kuliko yote. Akilielewa hilo mapema, atachagua ukubwa kwa namna nyingine, atamhoji daktari kwa namna nyingine, na hatatumia shilingi yake ya mwisho siku ya kwanza.

Hatua ya kwanza: fahamu unachotaka kubadilisha

Simama mbele ya kioo bila sidiria, mikono imelegea, kisha tazama chuchu iko wapi ukilinganisha na mkunjo wa chini ya titi. Ikiwa chuchu iko juu ya mkunjo huo na lalamiko lako ni kwamba matiti ni madogo, kipandikizi kinaweza kukupa unachokitafuta. Ikiwa imeshuka chini ya mkunjo au inatazama sakafu, shida yako ni ngozi iliyolegea, jambo linalowapata wengi baada ya kunyonyesha au kupungua uzito, na hapo kinachofaa ni upasuaji wa kuinua matiti, ambao hufanywa peke yake au pamoja na kipandikizi. Daktari anayeingiza kipandikizi kikubwa ndani ya titi lililolala kwa nia ya kulijaza anaiongezea mzigo ngozi ambayo tayari imeshindwa kuubeba ule wa zamani, na baada ya miaka michache titi linaweza kushuka zaidi ya lilivyokuwa.

Ipo pia njia ya kuhamisha mafuta kutoka tumboni au mapajani na kuyaweka kwenye matiti. Sehemu ya mafuta hayo hufyonzwa na mwili katika miezi ya mwanzo, na ongezeko linalobaki ni la wastani, mara nyingi karibu na saizi moja ya sidiria, lakini hakuna kifaa kigeni kinachobaki mwilini. Kuhusu krimu na vidonge vinavyouzwa mitandaoni kwa ahadi ya kukuza matiti, sina la kusema zaidi ya kwamba fedha yako ina matumizi bora. Sindano ndizo za kuogopwa hasa. FDA haijaidhinisha silikoni ya majimaji kudungwa mwilini kwa ajili ya kukuza umbo, na jeli ya poliakrilamidi, iliyowahi kudungwa kwenye matiti ya wanawake wengi wa China, ilipigwa marufuku nchini humo mwaka 2006. Vitu hivyo husambaa katikati ya nyama, na daktari anayeitwa baadaye kuviondoa hawezi kuvimaliza bila kukata na titi lenyewe. Kipandikizi, pamoja na kasoro zake zote, kimo ndani ya kifuko chake na kinaweza kutolewa.

Ikiwa unatarajia kuzaa hivi karibuni, ni busara kungoja, kwa sababu mimba na kunyonyesha vitabadilisha umbo ulilolilipia. Ikiwa umemaliza kunyonyesha, subiri miezi 3 hadi 6 baada ya maziwa kukauka. Uzito nao uwe umetulia.

Kisha liko swali la nani anayeyataka matiti hayo. Mwanamke aliyelitamani jambo hili kwa miaka, na ambaye angelitamani hata kama angekuwa anaishi peke yake, ana msingi imara kuliko yule aliyelifikiria baada ya maneno ya mume, ya wifi au ya watu wasiomjua kwenye simu. Sisemi kwamba kujipamba ni kosa. Wanawake wetu wamejipamba tangu zamani na hakuna aliyewadai maelezo. Ila hina hufutika yenyewe baada ya wiki mbili. Na ikiwa kasoro unayoiona inakunyima usingizi, inakufanya ujitazame kiooni mara nyingi kwa siku, na wenzako wote hawaioni, zungumza kwanza na mtaalamu wa afya ya akili, kwa sababu upasuaji mara chache huyatuliza mawazo ya aina hiyo.

Hatua ya pili: hesabu fedha ya upasuaji unaofuata

Katika tafiti za miaka 10 ambazo watengenezaji wakubwa wa vipandikizi vya silikoni waliwasilisha kwa FDA, takriban robo hadi zaidi kidogo ya theluthi ya wanawake walioongeza matiti kwa mara ya kwanza walirudi kwenye chumba cha upasuaji ndani ya muda huo. Wengine walirudi kwa sababu ganda la kovu linalozunguka kipandikizi lilikaza, wengine kwa sababu kipandikizi kilihama au kupasuka, na wengine kwa sababu tu walitaka ukubwa tofauti.

Kwa hiyo unapopewa bei, omba mchanganuo wa maandishi: ada ya daktari mpasuaji, ya daktari wa usingizi, ya chumba cha upasuaji, vipandikizi vyenyewe, vipimo, dawa, sidiria maalumu na mahudhurio ya baadaye. Uliza nani atalipa iwapo damu itavilia usiku uleule na ukalazimika kurudishwa ndani. Bima za afya kwa kawaida hazigharamii upasuaji wa urembo, na nyingi hukataa pia kugharamia madhara yake. Maoni yangu ni haya: ikiwa huwezi kulipa bei hiyo na bado ukabakiwa na akiba inayokaribia nusu yake, muda wako haujafika, na mkopo haubadilishi ukweli huo.

Hatua ya tatu: mchunguze daktari kabla hajakuchunguza

Daktari yeyote aliyesajiliwa anaweza kujiita mtaalamu wa urembo. Unayemtafuta wewe ni daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, yaani aliyesomea fani hiyo kwa miaka kadhaa baada ya shahada ya kwanza ya udaktari. Nchini Kenya usajili wake huthibitishwa katika orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni. Tanzania Bara ni kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na Zanzibar ina baraza lake. Katika ukanda wetu, mabingwa wengine hufuzu kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao makuu Arusha, ambacho kina mafunzo ya upasuaji rekebishi. Angalia ubingwa ulioandikwa mbele ya jina lake, usiishie kwenye jina.

Ukiwa mbele yake, muulize ameweka vipandikizi vingapi katika mwaka uliopita na ni wangapi kati ya wagonjwa wake waliorudi kufanyiwa upasuaji mwingine. Omba kuona picha za wanawake wenye ngozi na umbo kama lako, zikiwamo za baada ya mwaka mmoja, kwa maana wiki ya pili kila mtu anapendeza. Uliza nani atakulaza usingizi, kama atakuwapo mwanzo hadi mwisho, na utapelekwa hospitali gani yenye chumba cha wagonjwa mahututi ikitokea dharura. Daktari anayekasirishwa na maswali haya amekujibu.

Wengi huvutiwa na Uturuki, India au Dubai kwa sababu ya bei au sifa. Upasuaji wa huko unaweza kuwa mzuri kabisa, lakini nyuzi zikiachia utakuwa umesharudi Mbagala au Kayole. Kabla ya kukata tiketi, mtafute daktari wa nyumbani atakayekubali kukuhudumia ukirudi, na upate kauli yake waziwazi, kwa kuwa wapo wasiopenda kushika kazi ya mwingine. Usipande ndege ya kurudi kabla ya siku 5 hadi 7, na usiondoke bila ripoti ya upasuaji na kadi za vipandikizi.

Hatua ya nne: chagua kipandikizi, mahali na mlango

Ganda la kila kipandikizi ni la silikoni. Kinachotofautiana ni kilichomo ndani. Kile cha maji ya chumvi kikipasuka, titi hunywea ndani ya siku chache na maji hufyonzwa bila madhara. Cha jeli ya silikoni hushikika kama nyama halisi zaidi, lakini kikipasuka kinaweza kukaa kimya kwa miaka bila wewe kujua. Marekani, kile cha maji ya chumvi kimeidhinishwa kwa kuongeza matiti kuanzia umri wa miaka 18, na cha jeli kuanzia miaka 22.

Sura ya nje ya ganda ina historia ambayo kila mnunuzi anapaswa kuijua. Kuna ganda laini na kuna lenye mikwaruzo, lililobuniwa ili lishikamane na nyama lisizunguke. Baadaye ikagundulika kwamba lile lenye mikwaruzo mikubwa linahusiana na aina adimu ya limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, inayoota kwenye ganda la kovu linalokizunguka kipandikizi. Wataalamu huiita BIA-ALCL. FDA ilitoa tahadhari ya kwanza mwaka 2011, Ufaransa ikapiga marufuku vipandikizi vya aina hiyo mwezi Aprili 2019, na Julai mwaka huohuo kampuni ya Allergan ikaviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL. Kwa hiyo, ukiambiwa kuna vipandikizi vya bei nafuu vilivyobaki stoo, uliza kwanza ganda lake ni la namna gani na kilitengenezwa lini.

Kumbuka pia kampuni ya Kifaransa ya PIP, iliyofungwa mwaka 2010 ilipobainika kwamba ilikuwa ikijaza vipandikizi silikoni ya viwandani ambayo haikuwa imeidhinishwa kwa tiba. Vilikuwa vimeuzwa katika nchi nyingi, na mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Wakati huo, kilichomwezesha mwanamke kujua kama anacho mwilini ni karatasi zake tu. Ndiyo maana kadi ya kipandikizi, yenye jina la mtengenezaji, modeli, namba ya utambulisho, ujazo na aina ya ganda, ni mali yako, na unaidai kabla ya kutoka hospitalini. Ipige picha, umtumie pia mtu mmoja unayemwamini.

Kuhusu ukubwa, acha lugha ya vikombe vya sidiria, kwa kuwa kila kiwanda kina kipimo chake. Daktari hupima upana wa msingi wa titi kwa sentimita, na kipandikizi kisiwe kipana kuliko msingi huo. Ujazo huhesabiwa kwa mililita. Nyumbani unaweza kujaribu kwa mchele: pima mililita 300 kwa jagi lenye alama, mimina kwenye soksi nyembamba, tengeneza mbili, kisha uzivae ndani ya sidiria ya michezo siku nzima, ukipika, ukipanda daladala, ukimbeba mtoto. Mchele ni mwepesi kuliko jeli, kwa hiyo mwilini mzigo utazidi huo. Vipandikizi viwili vya mililita 350 vinakaribia gramu 700. Wengi hujuta kutochukua kikubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, na wengi hujuta ukubwa huohuo miaka 10 baadaye, shingo na mgongo vinapoanza kulalamika. Mimi ningesikiliza majuto ya pili.

Kipandikizi huwekwa ama juu ya msuli wa kifua, nyuma ya titi, ama chini ya msuli. Mwembamba mwenye nyama kidogo ya titi hufichiwa kingo vizuri zaidi chini ya msuli, na picha za mamografia, yaani eksirei ya matiti, huwa rahisi kidogo kusoma, ingawa maumivu ya mwanzo ni makali zaidi na titi huweza kuruka unapokaza kifua. Anayefanya mazoezi mazito ya kifua, na mwenye nyama ya kutosha, anaweza kufaa juu ya msuli.

Sehemu ya kukatwa ndiyo inayowahusu zaidi wenye ngozi nyeusi, na ndiyo inayozungumzwa kwa haraka kuliko zote. Makovu yanayokua na kupita mipaka ya jeraha, yaitwayo keloidi, hutokea mara nyingi zaidi kwa watu weusi, na kifua ni miongoni mwa maeneo yanayopendwa na makovu hayo. Chunguza masikio yako palipotobolewa, alama ya chanjo begani na kovu la upasuaji wa uzazi. Uliza pia kwa mama na ndugu zako wa tumbo moja. Ukiwa na historia hiyo, mwambie daktari kabla hajashika kalamu. Mkato wa chini ya titi hujificha kwenye mkunjo na humpa daktari nafasi nzuri ya kuona. Mkato wa kuzunguka chuchu unaweza kufifia vizuri, lakini unapita karibu na mirija ya maziwa na mishipa ya fahamu. Mkato wa kwapani hauachi alama kwenye titi, ingawa upasuaji wa pili, ambao tumekwisha kukubaliana kwamba huenda ukaja, mara nyingi utahitaji mkato mpya mahali pengine.

Hatua ya tano: wiki sita za maandalizi

Acha sigara, shisha na ugoro angalau wiki 4 hadi 6 kabla na kwa muda kama huo baada ya upasuaji, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo inayolisha ngozi na chuchu. Orodhesha kila unachomeza, zikiwamo dawa za asili. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na vidonge vya kitunguu saumu au tangawizi vinaweza kuongeza kutokwa damu, na daktari atakwambia vya kuacha na lini. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vitajwe kwa sababu huongeza hatari ya damu kuganda.

Vipimo vya kawaida ni wingi wa damu, kundi la damu, kipimo cha mimba na, kulingana na umri na historia ya ukoo, ultrasaundi au mamografia ya matiti. Mwenye selimundu, kisukari, shinikizo la damu au virusi vya UKIMWI asifiche. Hali hizo hazimnyimi upasuaji moja kwa moja, lakini hubadilisha namna atakavyohudumiwa.

Nyumba nayo iandaliwe. Teremsha vyungu, unga na sukari kutoka rafu za juu hadi usawa wa kiuno. Nunua mito ya kutosha kuegemea. Tafuta mtu atakayekaa nawe siku 3 hadi 5, na ukiwa na mtoto anayebebwa, tafuta wa kumbeba kwa wiki 4 hadi 6. Andaa nguo zinazofunguka mbele. Dera, pamoja na uzuri wake wote, huvaliwa kwa kupitisha kichwani na halitakufaa kwa muda. Kanga mbili na blauzi za vifungo zitakutosha.

Siku yenyewe

Hutakula chakula kigumu kwa saa 6 na hutakunywa maji kwa saa 2 kabla ya nusukaputi, isipokuwa umeelekezwa vingine. Ondoa rangi ya kucha, na usipake piko vidoleni wiki hizo, kwa sababu rangi nyeusi inaweza kuvuruga kifaa kinachosoma oksijeni kupitia ncha ya kidole. Hereni, kipini cha pua, shanga za kiunoni na vibanio vya chuma kwenye nywele vibaki nyumbani. Daktari atakuchora ukiwa umesimama, kwani ukilala titi hubadilika. Upasuaji wenyewe huchukua saa 1 hadi 2, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Siku tatu za mwanzo

Aliyewahi kuzaa atayatambua maumivu haya: yanafanana na siku ya tatu baada ya kujifungua, maziwa yanapojaa na mtoto hajanyonya, ila yana mkazo zaidi, kana kwamba kifua kimefungwa mkanda. Asubuhi ndipo mkazo huwa mkali. Meza dawa za maumivu kwa saa ulizopangiwa bila kungoja yakuzidi. Dawa kali kama tramadol hufunga choo, kwa hiyo kunywa maji mengi na kula papai tangu siku ya kwanza, kwa maana kujikamua chooni kunaumiza kifua.

Lala chali, kiwiliwili kikiwa kimeinuliwa kwa mito. Viwiko vikae karibu na mbavu. Mikono itumike kula, kujifuta na kushika simu yako, si kujisukuma kutoka kitandani. Msaidizi akuinue kwa kukushika mgongoni, asikuvute mikono. Tembea ndani ya nyumba kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho, ili damu isigande miguuni.

Mama au shangazi aliyekuja kukuuguza anaweza, kwa mapenzi mema, kutaka kukukanda kwa maji ya moto kama anavyokandwa mzazi. Mkatalie kwa adabu lakini kwa uthabiti. Ngozi ya titi huwa imekufa ganzi, hivyo utaungua bila kuhisi, na joto huweza kuchochea damu kuvuja. Barafu iliyowekwa moja kwa moja nayo huunguza kwa njia yake. Majani, chumvi, asali na unga wa mwarobaini visisogee karibu na mshono.

Usishangae ukilia siku ya tatu au ya nne bila sababu. Uvimbe uko kileleni, dawa za usingizi zinaisha mwilini, matiti yako juu na magumu kama mabakuli, na unajiuliza umejifanyia nini. Kwa wengi hali hiyo hupita ndani ya wiki chache.

Wiki ya kwanza hadi ya sita

Kuoga huruhusiwa baada ya siku 1 hadi 3 kwa kufuata agizo la daktari wako. Anayetumia ndoo na kata asijimiminie kichwani; mwingine amwagie. Bahari na bwawa vingoje hadi majeraha yafunge kabisa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Sidiria laini isiyo na waya huvaliwa usiku na mchana. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam jasho hujikusanya chini ya titi, hapohapo palipo na mshono, kwa hiyo uwe na sidiria tatu za kubadilisha na upakaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi cha pamba, bila kusugua wala kupaka poda.

Kazi ya kukaa mezani huwezekana baada ya wiki moja hivi. Usiendeshe gari ukiwa bado unameza dawa kali au ikiwa kukata kona kunakuuma. Bodaboda iachwe kwa mwezi mzima, na kwenye daladala au matatu usisimame ukining'inia kwenye bomba la juu. Kwa wiki hizi usiinue kitu kinachozidi kilo 2 hadi 3. Mtoto apande mwenyewe pajani ukiwa umeketi.

Maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine hukataza vyuma vya mazoezi na kusahau jiko. Kusonga ugali wa watu sita ni zoezi la msuli wa kifua. Kutwanga, kukuna nazi, kufua kwa mikono, kukamua nguo nzito na kuteka maji kisimani ni hivyohivyo, na kwa aliyewekewa kipandikizi chini ya msuli kazi hizo zingoje wiki 6. Kusujudu kwa kujiegemeza viganjani huweka uzito kwenye msuli uleule. Mgonjwa anaruhusiwa kusali akiwa ameketi.

Utasikia vichomo kama shoti ya umeme, ganzi, chuchu inayowasha au isiyohisi chochote, hata mlio wa maji ndani ya titi siku za mwanzo. Mara nyingi ni mishipa ya fahamu inayoamka na hewa inayofyonzwa, ingawa kwa baadhi ya wanawake ganzi hubaki moja kwa moja. Titi moja likishuka kabla ya jingine, usiogope. Umbo halisi halihukumiwi kabla ya miezi 3 hadi 6. Kukanda matiti kwa mikono kufanywe tu ikiwa daktari amekuonyesha namna, kwa sababu vipo vipandikizi ambavyo ganda lake halitakiwi kusukumwa.

Dalili za kukupeleka hospitali usiku huohuo

Titi moja likivimba ghafla kuliko jingine, likawa gumu na lenye maumivu yanayopanda, hasa ndani ya saa 48 za kwanza, damu inavilia ndani na lazima itolewe. Kushindwa kupumua vizuri, maumivu makali ya kifua, au uvimbe na maumivu ya mguu mmoja ni dalili za damu iliyoganda. Wekundu unaosambaa (kwa ngozi nyeusi huonekana zaidi kama joto na kuiva kwa ngozi), usaha, harufu mbaya na homa inayofika nyuzi 38 ni dalili za maambukizi. Huku kwetu kila homa hupewa jina la malaria. Pima malaria ndiyo, lakini mpigie daktari wako kabla ya kununua dawa ya mseto dukani, kwa kuwa siku mbili za kuchelewa zinaweza kukugharimu kipandikizi chenyewe.

Kovu

Jeraha likishafunga kabisa, karibu na wiki ya tatu, anza kutumia karatasi za silikoni zinazobandikwa juu ya kovu, saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Kovu huendelea kubadilika kwa mwaka 1 hadi mwaka na nusu. Likianza kuwasha, kuinuka na kupanuka, rudi mara moja: sindano za triamsinoloni, dawa ya kupunguza kovu, hufanya kazi vizuri zaidi kwenye keloidi changa kuliko kwenye ile iliyokomaa, na kuikata keloidi bila tiba nyingine mara nyingi huirudisha, pengine ikiwa kubwa zaidi.

Miaka inayofuata

Kwa vipandikizi vya jeli, FDA inapendekeza kipimo cha kwanza cha ultrasaundi au MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) kati ya mwaka wa 5 na wa 6, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, hata kama huna dalili yoyote, ili kugundua mpasuko wa kimya. Ganda la kovu likikaza, titi huwa gumu, hupanda juu na mwishowe huuma. Madaktari hupanga ugumu huo kwa daraja nne ziitwazo za Baker, na ya tatu na ya nne ndizo ambazo mara nyingi huhitaji upasuaji. Titi likivimba lenyewe baada ya mwaka mmoja au zaidi tangu upasuaji, usikubali kuambiwa ni kawaida: majimaji yapimwe kwa ajili ya ile limfoma, ambayo ikigunduliwa mapema wengi hupona kwa kuondolewa kipandikizi na ganda lake zima.

Wapo wanawake wanaoripoti uchovu usioisha, maumivu ya viungo na akili kuwa nzito baada ya kuwekewa vipandikizi. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha hali hiyo, na chanzo chake bado kinachunguzwa, lakini baadhi yao hupata nafuu vikitolewa. Mwenye dalili hizo achunguzwe pia upungufu wa damu na tezi ya shingo, asipuuzwe.

Kila uendapo kupimwa saratani ya matiti, mwambie mpiga picha kwamba una vipandikizi kabla hajaanza, kwa sababu huziba sehemu ya nyama na zinahitajika picha za ziada, kipandikizi kikisukumwa nyuma. Kunyonyesha kwa kawaida kunawezekana, ingawa maziwa huweza kupungua, hasa kwa aliyekatwa kuzunguka chuchu.

Na siku ukiamua kuvitoa, kwa sababu vimepasuka au kwa sababu umevichoka, uliza mapema kama ngozi itahitaji kuinuliwa, kwani titi lililotanuliwa kwa miaka 12 halirudi lilivyokuwa. Jioni ya siku utakayotoka hospitalini, kabla dawa hazijakulaza, weka kwenye simu yako kikumbusho cha ultrasaundi ya mwaka wa tano, pamoja na picha ya kadi.